Siku Baba Alipoingia Chini ya Lori Jekundu

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na vumbi la pamba hunisimamisha popote nilipo. Juzi nilikuwa napita nyuma ya ghala moja hapa mjini, lori linapakia, na kabla sijajua ninachofanya nikawa nimesimama pale na kikapu changu cha sokoni, nimefumba macho kama mtu anayesali. Mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka baba.

Mnivumilie, maana habari ya lori lazima niianze na ng'ombe. Baba alikuwa mtu wa mkokoteni. Pale kwetu Ngulyati, ng'ombe wake wawili, Sukari na Polisi, walijulikana hadi Bariadi mjini. Sukari alikuwa mpole. Polisi alikuwa na mambo yake. Baba hakuwachapa. Aliwapigia mluzi tu, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, nao wakamsikia. Msimu wa pamba yeye ndiye aliyesomba magunia ya majirani hadi kwenye ghala la ushirika.

Kisha ukaja mwaka ule watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba. Sisi watoto hatukujua soko huria ni mnyama gani. Tulichokijua ni kwamba malori yameongezeka. Zamani lilikuja moja, na habari zake tulizisikia wiki nzima kabla. Sasa yalikuja mekundu, ya bluu, ya njano, yakafika hadi uani kwa mkulima, na sisi tukayakimbilia nyuma huku tukimeza vumbi lake kwa furaha. Mkokoteni wa baba ukaanza kuota nyasi kwenye magurudumu.

Jioni moja, tukiwa kwenye ugali, baba akasema, "Nataka kujifunza lori."

Bibi, mama yake baba, aliacha tonge hewani. Baba alikuwa amekwisha kuota mvi mbili tatu.

Njia zilikuwa tatu. Pale Bariadi kulikuwa na mtu ambaye ungempelekea picha zako, na baada ya siku chache unapata leseni bila kushika usukani. Njia ya pili ilikuwa kuwa utingo, kupakia na kushusha mizigo miaka miwili mitatu, ukiiba kwa macho anavyofanya dereva. Ya tatu ilikuwa chuo cha udereva kule Mwanza, ambako ungekaa miezi, ukafundishwa injini, breki na alama za barabarani. Hiyo ilihitaji kuuza ng'ombe.

"Watu wote wamejifunzia juani, kwenye utingo," bibi alisema. "Wewe unataka dawati. Mchagua jembe si mkulima."

"Mama, Polisi akikosea njia, namwita anarudi," baba alijibu taratibu. "Lori haliitiki. Nataka nijue kilichomo ndani yake."

Sukari na Polisi waliondoka Jumatatu, wakimfuata mnunuzi kutoka Bukundi. Nililia hadi nikapata homa. Msimu ule tulilima kwa jembe la mkono, mama, bibi na mimi, na viganja vyangu vya miaka tisa vikafanya malengelenge. Bibi alikuwa akinyoosha mgongo tu, anautazama upande wa Mwanza, kisha anainama tena.

Baba alirudi pamba ikiwa imefika magotini. Alikuwa na leseni na daftari lililochorwa matumbo ya gari. Ili asisahau, aliketi uani kwenye kigoda, akashika ungo wa mama kama usukani, akapanga mawe matatu miguuni: klachi, breki, na moto wa kuongeza mwendo. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele yake na kutangaza hatari.

"Ng'ombe!" nilipiga kelele. Mguu ukaenda kwenye breki.

"Shimo!"

"Mtoto!" Hapo alikanyaga kwa nguvu hadi jiwe likazama ardhini, na uso wake ukawa mgumu kiasi kwamba niligeuka nyuma kutazama kama kweli kuna mtoto.

Msimu wa ununuzi ulipofika, tajiri mmoja wa pamba akamwita. Malori yake yalikuwa mekundu, yanang'aa, na dereva wake aliheshimiwa kama diwani. Nilimlilia baba hadi akakubali kunipakia kwenye karia ya baiskeli, nikaone. Njiani niliwatangazia marafiki zangu wote: nisubirini hapa barabarani, narudi na lori.

Uwanja wa tajiri yule pale Bariadi sitausahau. Pamba ilikuwa imerundikwa juu kama mawingu yaliyochoka kuruka yakakaa chini. Watu walipanda juu yake wakizama hadi kiunoni. Na katikati, lori jekundu. Nilisimama kando ya tairi, likanipita kimo. Niliweka kiganja kwenye bodi, nikausikia mngurumo wa injini ukipanda mkononi hadi kwenye meno. Nilidhani hivyo ndivyo moyo wa kitu kikubwa unavyopiga.

Tajiri alizima injini, akampa baba funguo. Baba alizipokea kwa mikono miwili, halafu akasema, "Naomba kwanza niangalie chini."

Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kanisani. Alilala chali vumbini, akajivuta kwa visigino hadi nikabaki naona viatu vyake tu. Watu walianza kucheka.

"Nakuajiri uliendeshe," tajiri alisema, "au umekuja kuliposa?"

Uwanja mzima ukalipuka. Nilicheka na mimi, kwa woga. Baba alipotoka, begani alikuwa na doa jeusi la mafuta.

"Breki ya nyuma inavuja, bosi."

"Tunalijua hilo. Ukikanyaga mara mbili tatu inashika. Fundi ataliangalia msimu ukiisha."

Baba alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Kisha akazirudisha zile funguo, tena kwa mikono miwili.

"Nashukuru sana, bosi. Hili siliwezi."

Kicheko cha safari hii kilikuwa tofauti. Kijana mmoja wa kwetu, Jilala, aliyekuwa utingo hapo hapo uwanjani, alinyoosha mkono, tajiri akamrushia funguo. Tulikuwa bado hatujafika getini, lori likatupita. Na kule Ngulyati marafiki zangu walikuwa barabarani, wananisubiri. Lori jekundu lilipita kwanza, halafu mimi nikatokea juu ya karia, nimeficha uso kwenye mgongo wa baba, kwenye lile doa.

Nyumbani mama aliliona shati kabla hajauliza kitu.

"Ilikuwa inavuja kweli?"

"Ilikuwa inavuja."

"Haya," mama alisema, akaenda kuteka maji ya kufulia. Bibi ndiye aliyeongeza maneno, siku nyingi mfululizo.

Ilipita karibu miezi miwili. Jilala alinunua baiskeli, akaezeka bati kwa mama yake. Kila akipita alipiga honi na kumsalimu baba kwa Kisukuma, "Mwadila, mwalimu wa breki!" Baba alimpungia mkono. Mimi nilimchukia Jilala, lakini nikiwa peke yangu nilimchukia baba zaidi.

Ndipo baba alipopata habari za mama mmoja mjane wa Nyalikungu, kule Maswa, mwenye mashine ya kusaga na lori kuukuu la kijani. Alikwenda peke yake kwa baiskeli. Aliporudi siku ya pili alitusimulia, nasi tukamzunguka. Alimwomba yule mama ruhusa ya kuangalia chini ya lori kwanza. Yule mama akasema, "Subiri." Baba akajua ndiyo basi tena. Lakini mama yule aliingia ndani akatoka na gunia. "Tandika, baba. Usichafue shati."

Makosa aliyoyakuta chini ya lori yalikuwa matatu. Yule mama aliuliza moja moja, akatikisa kichwa, akasema lori halitoki mpaka yaishe. Baba alikaa huko wiki mbili na fundi kabla ya kwenda hata hatua moja.

Siku lile lori la kijani lilipokunja kuingia njia ya kwetu, likitembea polepole kama ng'ombe aliyeshiba, mama aliuacha mwiko kwenye chungu. Baba alinipandisha kwenye kiti cha mbele. Dunia ikashuka. Niliona mapaa ya nyumba kwa juu, niliona mashamba ya pamba yakitandaa hadi mwisho wa macho, niliona kichwa cha bibi kikiwa kidogo kama kibuyu. Mguu wa baba ulikuwa unaelea juu ya breki bila kuigusa, na midomo yake ilikuwa imekunjwa kama anayetaka kupiga mluzi.

Sasa nyinyi mnasubiri niwaambie kwamba lori jekundu lilipinduka. Hata mimi nilisubiri. Mungu anisamehe, kila nilipolisikia likipita nilitega sikio. Halikupinduka. Jilala aliliendesha misimu minne, akaja akanunua la kwake, na leo ni mzee mwenye wajukuu. Hakuna siku hata moja mtu yeyote alipomjia baba na kumwambia, ulikuwa sahihi.

Baba alipokuwa amekwisha kustaafu, nilimuuliza kama siku ile alijua kitakachotokea.

"Sikujua," alisema. "Nilijua inavuja tu."

Wakati ule uwanjani niliyastaajabia magurudumu. Imenichukua miaka mingi, na kazi zangu mwenyewe, na mabosi wangu mwenyewe walionirushia funguo zao, kuelewa kwamba siku ile nilikitazama kitu kikubwa nikakosea kukitambua. Baba alikuwa mtu mzima asiye na ng'ombe wala kazi, mbele ya watu wanaocheka na mtoto wake akiwa miongoni mwao, na alirudisha funguo kwa mikono miwili.