Vitabu Vilivyopangwa kwa Uzito

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati, huvishusha vitabu vyangu vyote kutoka kwenye rafu na kuvipangusa. Hapa Garissa ukikiacha kitabu wiki mbili bila kukigusa, unaweza kuandika barua nzima kwa kidole juu ya jalada lake. Halafu kuna mchwa, ambao hawana adabu hata mbele ya kamusi. Kwa hiyo nashusha, napangusa, nakagua ukuta, narudisha. Na kila ninaporudisha najaribu kuvipanga kama mama yangu alivyovipanga siku moja tu, alipokuja kunitembelea, na kila mara nashindwa. Huu ni mwaka wa pili tangu afariki, na bado sijapatia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Hilo peke yake huwachekesha ndugu zangu, maana kwetu Sangailu, upande wa Ijara, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuongea na askari na daktari. Nilikipenda kwa ukaidi. Nilipopata kazi nikaanza kununua riwaya, tenzi, kamusi, hata vitabu vya watoto kwa sababu ya picha zake tu, na sina mtoto wa kumsomea. Vikalala sakafuni kwenye maboksi mpaka nikamwita fundi seremala wa mtaani anitengenezee rafu mbili ndefu, moja kila upande wa dirisha. Alipomaliza akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hii kitabu yote ni ya mtihani gani?"

"Si ya mtihani."

"Wallahi? Sasa unaweka ya nini?"

Nikamlipa aende, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupamba. Nilikuwa nimeona kwenye simu picha za nyumba za watu ambao vitabu vyao vimepangwa kwa rangi za majalada, nami nikaiga. Vyeupe huku, vya buluu pale, vyekundu katikati vikikolea hadi kufikia vyeusi. Nikazungushia taa ndogo ndogo. Msahafu niliuweka juu kabisa, peke yake. Hilo sikuhitaji kuliona kwenye simu. Jumapili ile nilikuwa nimewaalika walimu wenzangu chakula cha mchana, na nasema kweli, niliwaalika ili wazione rafu zangu.

Jumatano mama akatokea mlangoni bila kutoa habari, na mfuko mmoja na galoni la samli. Kwa Kisomali mama huitwa hooyo, naye mama humwita mwanawe hooyo vilevile, kwa hiyo nyumba ikajaa hooyo huku na hooyo kule. Nilifurahi. Ila asubuhi ya pili, nikiwa mguu mmoja nje, nimechelewa shule na funguo sizioni, alisimama mbele ya rafu akauliza:

"Hooyo, ukifika, unafungua vitabu vipi kwanza?"

"Nikifika wapi, hooyo?"

"Ukifika."

"Nafungua ninachotaka," nikasema, nikaondoka.

Niliporudi saa kumi jioni, rangi zangu zilikuwa zimeharibika zote. Vitabu vinene vilikuwa chini, vyembamba juu, chekundu kando ya kijani, cheusi kando ya cheupe. Nilitazama dakika moja tu nikaelewa, kwa sababu nimekua nikimwona akiifanya kazi hiyo. Kwetu anayepakia ngamia ni mwanamke. Mizigo ya pande mbili lazima iwe sawa, la sivyo tandiko litateleza na kumchuna mnyama mgongoni. Kizito kinakaa chini, na kile kitakachohitajika mara tu mkifika kinakaa juu. Mama alikuwa amevipima vitabu vyangu mikononi, kimoja kimoja, mpaka rafu ya kulia ikalingana na ya kushoto.

Hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini vile nilivyovisoma hadi vikalegea alikuwa ameviweka juu, mkono unapofika kwa urahisi, na vile nilivyovinunua kwa majivuno nisivifungue kamwe alikuwa amevishindilia chini. Alikuwa amepapasa kingo za kurasa akanijua mimi ni msomaji wa aina gani. Leo hilo hunitoa machozi. Siku ile niliwafikiria wageni wa Jumapili, damu ikanipanda kichwani.

"Hooyo, hii ni nyumba!" nikasema kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia. "Si ngamia!"

"Haye," akasema. Sawa.

Nikaanza kuvishusha palepale, mbele yake, hata buibui sijavua. Ilinichukua saa nzima kuzirudisha rangi zangu. Nilitegemea atanuna, aende zake chumbani, nami nipate mtu wa kugombana naye. Badala yake alikaa mkekani akawa ananisogezea vitabu.

"Na hiki nacho ni chekundu," akaniambia, akakinyoosha kwangu kwa mikono miwili.

Aliondoka Jumamosi, akisema mbuzi wake hawana mtu. Wageni walikuja Jumapili wakazisifu rafu, mmoja akapiga picha. Tangu hapo tuliongea kwa simu karibu kila wiki, habari za mvua, za goti lake, za mshahara uliochelewa, na si yeye wala mimi aliyetaja vitabu. Nilikuwa nikisubiri kumwomba radhi uso kwa uso. Likizo moja nilikuwa na semina, nyingine nilikuwa mgonjwa. Alipougua aliugua siku tatu tu, mvua ilikuwa imeikata barabara ya Ijara, na nilipofika walikuwa wameshamzika.

Niliporudi Garissa niliondoa taa ndogo ndogo, nikavishusha vitabu, nikaanza kuutafuta mpangilio wake. Kanuni naijua: kizito chini, pande mbili sawa. Nimeshaazima hata mizani ya muuza nyama, nikapima, pande zote zikawa sawasawa, na bado nikitazama naona si kazi yake. Mikono yake ilijua kitu ambacho mizani haisemi. Hata safu ya juu imenishinda, kwa sababu nimesoma vingine tangu wakati ule, na vilivyolegea si vilevile tena. Nilifikiri nikiweza kuzirudisha rafu kama alivyoziacha, nitakuwa nimemwomba radhi.

Likizo iliyopita nilikwenda Sangailu kwa dada yangu mkubwa, ambaye hakuwahi kuhama. Siku ya pili, tulipokwisha kuswali alasiri, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya ilipokuwa nyumba ya mama. Palikuwa na kiwanja kidogo kilichozungushiwa ua wa miiba. Ndani nyasi zilikuwa zimeota mpaka magotini, lakini ungeona kwamba zamani palifyekwa na kufagiliwa. Fito ndefu zilizopindwa za kujengea nyumba zilikuwa zimeegemezwa kwenye ua, zimepasuka kwa jua.

"Hapa ndipo pako," dada akasema. "Nilidhani unajua."

"Pangu vipi?"

"Fito alizikata mwenyewe, na goti lile. Alipomaliza ndipo akaja Garissa kukupakia."

Nilimwuliza kunipakia nini. Akanishangaa.

"Si ulimpigia simu ukasema umechoka na mji, unataka kurudi nyumbani? Mwanamke akihama, si mama yake ndiye huja kumsaidia kufunga mizigo? Alisema una vitabu vingi, hutaviweza peke yako."

Nikaikumbuka simu yenyewe. Maji yalikuwa yamekatika siku tano, mwalimu mkuu alikuwa amenifokea mbele ya wanafunzi, joto halilaliki. Nilisema nimechoka, nataka kurudi nyumbani. Nilimwambia hivyo kila mtu wiki ile, jirani, walimu wenzangu, na wote wakanipa pole tukaendelea na maisha. Mama peke yake ndiye aliyeniamini.

"Aliporudi bila mimi alisema nini?" nikauliza.

"Tulimwuliza uko wapi. Akasema, 'Ana nyumba. Nimeiona. Nzuri, ina rangi nyingi.' Lakini hapa aliendelea kupafagia mpaka alipougua."

Niliingia ndani ya ule ua nikakaa chini kwenye nyasi, dada akaniacha. Nilimwambia mama kwa sauti, kama mwendawazimu, kwamba nataka kurudi nyumbani. Safari hii nilikuwa nasema kweli, na wa kuja kunipakia hayupo.