Nilifurahi Roboti Ilipopotea

Kosa ni langu, msimtafute mwingine. Jina langu liacheni. Hapa Goma nikilitaja asubuhi, kabla ya jioni mtaa mzima wa Mapendo utakuwa unanijadili.

Kwa miaka tisa nilikuwa mpokea wageni kwenye hospitali moja ya binafsi. Mtu anaingia, anamtaja mgonjwa wake, nampeleka hadi kitandani. Kisha mkurugenzi akaleta roboti. Inachora ramani ya jengo, inaongoza wageni na, alivyosisitiza huku akinitazama, haiombi ruhusa ya kwenda matanga. Mimi nikapewa heshima kubwa: kuizungusha korido zote ili ijifunze kazi yangu. Bahati iliyoje!

Fundi alinionya jambo moja tu: korido ziwe tupu, maana chochote roboti itakachokikuta itakihesabu kuwa ukuta. Sasa, nani asiyezijua korido zetu? Pale kwenye wodi ya upasuaji wanakaa garde-malade, wale ndugu wanaobaki na mgonjwa, pamoja na magodoro, mabeseni, sufuria na mifuko ya makaa. Siku hiyo mzigo wao uliziba njia hadi kiunoni. Kuwaomba wausogeze kungechukua dakika tano. Sikuwaomba, kwa makusudi. Fundi alipouliza, nikamwambia korido zilikuwa tupu kabisa.

Basi roboti ikaamini pale pana ukuta. Ukiitajia upasuaji, inakuzungusha nyuma ya jengo hadi kwenye mlango wa kufulia nguo, wenye kufuli, na hapo inakutangazia kwa Kifaransa safi kwamba umefika. Wiki nzima nilicheka moyoni. Mashine yenye akili hiyo, jamani!

Ndipo akaja mzee mmoja kutoka Masisi, ameshika kidumu cha maziwa. Mkewe alikuwa afanyiwe upasuaji asubuhi hiyohiyo.

"Niko natafuta bibi yangu," aliniambia. "Anataka tuonane mbele bamupasule."

"Fwata ile mashini, papa," nikamjibu. "Siku hizi ni yenyewe inajua."

Akaivulia kofia! Akaifuata. Kila ilipogota kwenye mlango wa kufuli ikarudi mapokezi kuanza upya, naye alirudi nayo, akapita mbele yangu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa malezi yake, mgeni hamwachi mwenyeji wake njiani, hata mwenyeji akiwa na magurudumu. Mimi nimetulia kitini, nangoja mkurugenzi atoke aione aibu yake.

Aliyetoka ni muuguzi, kumwambia mzee kwamba mkewe ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Yule mama hakutoka akiwa hai.

Mchana mimi mwenyewe nilimpeleka mzee kuchukua vitu vya mkewe. Miguu iliyoshindwa kuinuka asubuhi sasa ilikuwa imepona! Alipofika kitandani aligeuka, akakiona kiti changu kule mlangoni.

"Mutoto yangu, ulikuwa unajua hii njia?"

"Ndiyo, papa."

Hakunitukana. Alinipa kidumu nimshikie, bado kimejaa, akaanza kufunga nguo za mkewe kwenye kitenge. Nilitamani anipige.

Roboti ilifundishwa upya, ikachukua kazi yangu kama ilivyopangwa tangu mwanzo. Kwa hiyo hata nilichokuwa nakipigania sikukipata. Siku ya kuondoka nilihesabu: kutoka kiti changu hadi kitanda kile ni hatua arobaini.

Nanyi mnaofurahi mashine zikikosea, furahini tu, siwazuii. Ila kabla hamjacheka, tazameni ni nani anayezifuata nyuma.