Kikombe na Dawa ya Mahindi

Mimi sikuajiriwa na makumbusho. Nilikutwa humo. Jengo letu la Mlandege, hapa Iringa, lilikuwa ghala la mahindi na mimi nilikuwa mtunza ghala. Mahindi yalipokoma kuja, wakaja watu na wazo la kuhifadhi vitu vya mila: vigoda, ngoma, vyungu, ngao za ngozi. Wakauliza nani ana funguo. Funguo nilikuwa nazo mimi, nikabaki nazo.

Nasema haya ili ieleweke nilivyofikiri. Wadudu walipoanza kutoboa vigoda, mimi sikuona tofauti. Ule unga wa mbao sakafuni niliufahamu tangu ujana, ulikuwa kazi ya ndugu zake dumuzi, yule mdudu anayekula mahindi akakuachia maganda. Dawa yake bado ilikuwa imejaa stoo, pakiti juu ya pakiti. Nikanyunyiza. Kila mwaka baada ya mavuno, kama tulivyozoea, nilijifunga kitambaa puani nikapita rafu kwa rafu, nikipaka kwa mkono. Wageni walisifu kwamba vitu vyetu havina tundu hata moja. Na mimi nilijisikia mtu.

Mwaka jana mkuu wetu, binti msomi ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu, alinituma Mbeya kwenye semina ya siku tatu pale Uyole, kuhusu makumbusho yanayotunza mazingira. Sikutaka kwenda. Umri huu kila safari naimaliza kwa maumivu ya mgongo. Tulikaa ukumbini tukinywa maji ya chupa za plastiki huku tukiambiwa tupunguze plastiki. Tukafundishwa kuzima taa, kuacha madirisha wazi badala ya kuwasha feni, kuvuna maji ya paa. Mambo ya maana, lakini nilisinzia.

Siku ya pili mwalimu akasema kwamba dawa za wadudu zikishaingia kwenye mti hazitoki kirahisi, na kwamba kitu kilichotiwa dawa hizo hakifai tena kuvaliwa wala kuliwa chakula ndani yake. Hapo usingizi uliniisha. Akaonyesha njia ambazo hazina sumu: kigoda chenye wadudu unakifunga kwenye mfuko mweusi unakianika juani, au unakiweka kwenye friza. Kumbe jua tu. Bibi yangu alikuwa akianika mbegu juani, na mimi nikimwona mshamba.

Niliporudi nilimweleza mkuu kila kitu. Hakunifokea, na ningependa angenifokea. Tulivaa glavu, tukahamisha vyote vilivyotiwa dawa, tukavibandika kadi nyekundu. Kazi ilituchukua wiki mbili, maana vilikuwa karibu vyote.

Kati ya hivyo kilikuwamo kikombe kimoja cha mti, cheusi kwa moshi na kwa mikono ya watu. Hakikuwa chetu. Familia moja ya Rujewa ilitukabidhi tukitunze, kwa karatasi inayosema siku wakikihitaji watakuja kukichukua. Kwao, anayerithi jina la marehemu hunyweshwa togwa kwa kikombe hicho mbele ya ukoo mzima. Walishakuja kukichukua mara moja, miaka tisa iliyopita, na mimi ndiye niliyewapa. Nilikipangusa kwa pindo la shati.

Basi mwezi wa saba akaja mama yule yule aliyekuja safari ile, na kikapu mkononi, ndani yake khanga mpya ya kukifungia kikombe. Mdogo wake, yule aliyerithi jina la babu yao, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa sukari. Sasa jina lilikuwa linamwendea mtoto wa marehemu, mwenye miaka sita. Ukoo ulishaitwa, na togwa lilikuwa la Jumamosi.

Mkuu alitaka kuzungumza naye yeye. Nikamwomba aniachie, kwa kuwa mkono ulionyunyiza ni wangu.

Tulisalimiana, kamwene, kamwene, nikampa kiti nikamweleza. Nilimwambia nilikitia dawa ya mahindi kwa miaka mingi, kwamba sikujua, na kwamba mtoto asikinywee. Akasema watakiosha kwa maji ya moto na majivu. Nikamwambia nilishauliza hilo, haisaidii. Alikitazama kikombe kule rafuni na kadi yake nyekundu.

Kisha akaniuliza, "Na ile mara ya kwanza, baba?"

Ningeweza kudanganya. Lakini uongo nao unataka nguvu, na mimi nilikuwa nimechoka.

"Dawa ilikuwemo, mama."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Siku ile mdogo wangu alitapika," akasema. "Alitapika sana. Na sisi tukapiga vigelegele. Tulisema babu amempokea."

Nikaanza kujitetea, aibu yangu. Nikasema aliishi miaka tisa baada ya hapo, nikasema sukari ni sukari, hospitali ndiyo iliyopima. Aliniacha nimalize.

"Najua kilichomuua," akasema. "Mimi nakwambia kile tulichoshangilia."

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mjukuu huja na kuondoka, haya yamehamia. Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliikunja ile khanga upya, akairudisha kikapuni.

"Mtoto atanyweshwa kwa kikombe cha bati, cha nyumbani," akasema. "Hicho kaeni nacho. Sasa ni cha kwenu."

Watu wa makumbusho huwa wanafurahi wakiambiwa hivyo. Mimi niliumia. Kwa miaka yote tulikuwa tumewatunzia kitu chao, na nilikitunza vizuri kweli kweli, mpaka hakuna mdudu aliyekigusa wala mtu atakayekinywea tena.

Nilimsindikiza mpaka stendi. Alikataa nimlipie nauli, ila kikapu aliniachia nikibebe. Hakikuwa na kitu zaidi ya khanga, lakini mikono yangu ilitetemeka, kama inavyotetemeka siku hizi hata nikishika kikombe cha chai. Nilidhani ni uzee. Tulipofika penye gari la Rujewa akakipokea, akaitazama mikono ile kwa muda.

"Na wewe," akaniuliza, "ulikuwa unanawa?"

Nikamwambia hapana.