Yaya alinichagulia casque inayoziba masikio

Admin, naomba ufiche jina langu na la parokia yetu, maana dada yangu naye anafuata ukurasa huu. Nina miaka kumi na saba, tunaishi Kampemba, hapa Lubumbashi, na nimebakiza mwaka mmoja tu kufika kwenye mtihani wa serikali. Papa anafanya kazi kwenye reli, mara nyingi yuko safarini. Nyumbani tunabaki na Mama, wadogo zangu, na Yaya, dada yangu mkubwa, ambaye mwaka huu amechumbiwa.

Mimi ni mtu wa muziki. Kwenye kwaya naimba sauti ya pili, na kiongozi wetu hututumia nyimbo kwa simu ili kila mmoja ajifunze sehemu yake nyumbani. Lakini nyumbani kwetu utajifunza nini? Jirani wa kushoto ana baa, wa kulia ana kinu cha mahindi. Kwa vile vidude vidogo vya kuchomeka masikioni nilikuwa nasikia sauti ya kwanza peke yake. Ya pili ilizama kwenye kelele. Nilimlilia Yaya, maana ndiye mtu niliyezoea kumwambia kila kitu.

Siku moja akaniambia, "Kadogo, vaa viatu. Tunaenda kukutafutia casque." Alikuwa anasema zile kubwa za kuvaa kichwani, zinazofunika masikio yote.

Sokoni tulijaribu mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, nyuma ina vitundu. Wimbo ulisikika mpana, mzuri sana, ila makelele yote ya soko yaliingia, na Yaya aliyesimama kando yangu alisikia wimbo wangu wote. Ya pili ilikuwa imefungwa nyuma, mito yake inazunguka sikio, inakunjwa na kuingia mkobani. Tena ilikuwa ya waya, haihitaji kuchajiwa, na kwetu umeme unakwenda unapotaka. Lakini ilinibana kidogo, nikasita.

"Mama, casque iko kama kiatu," muuzaji akamwambia Yaya. "Yenye inalegea, utaiacha mu njia."

Yaya akanivalisha ile ya pili, akaweka wimbo, akasimama nyuma yangu kitambo. Kisha akainua upande mmoja. "Nilikuwa nakutukana yote: mbuzi, kuku, kichwa ya nyundo. Ulisikia?"

"Hapana, Yaya."

"Miye nilisikia," muuzaji akacheka. "Ile haikuwa matusi ya mutoto!"

"Basi njo hii," Yaya akasema. "Tunabeba hii."

Jioni ile nilisikia sauti ya pili kana kwamba mwimbaji ameketi begani kwangu. Nilisikia hata pumzi wanazovuta kabla ya kuanza mstari. Nilimkumbatia Yaya mpaka akaniambia nimwache, namvunja mbavu.

Tangu hapo, kila alipokuja Mama mdogo kutoka Mokambo, Yaya aliniambia, "Kadogo, vaa casque yako, fanya répétition," yaani mazoezi ya kwaya. Huyu ni mdogo wake Mama, anafanya biashara pale mpakani na ni mjamzito. Mimi nilifikiri Yaya anaheshimu muziki wangu.

Sasa mjue desturi ya familia yetu. Mwanamke mwenye biashara akijifungua, hutolewa msichana wa kwenda kumlelea mtoto. Msichana haulizwi. Huambiwa siku yenyewe ya kusafiri, mbele ya mgeni aliyekuja kumchukua, na kukataa mbele ya mgeni ni kumvua Mama nguo. Binamu yangu alitolewa hivyo kwa mwaka mmoja. Mtoto wa kwanza akafuatwa na wa pili, na shuleni hajarudi mpaka leo.

Juzi mchana Mama mdogo alikuja tena. Nilikuwa pembeni sebuleni, casque kichwani, simu ikazima katikati ya wimbo. Sikuivua, nilikuwa naumalizia mstari moyoni. Ndipo nilipogundua kuwa casque iliyofungwa inaziba dunia muziki ukiwepo. Ukinyamaza, watu wa karibu unawasikia, kama wako nyuma ya ukuta.

"Si mutoto iko pale, ongea polepole," Mama mdogo alisema.

"Umuache, hasikie kitu," Yaya akajibu. "Ni miye nilimupimia ile casque." Wakacheka.

Mama akauliza, "Na masomo yake?"

"Atasoma mwaka ingine," Yaya akasema. "Mama mudogo aliniomba miye niende, najua. Lakini nikienda Mokambo sasa, famille ya fiancé wangu batasema nini? Kadogo iko mutoto, atazoea. Mumwambie tu siku ya kuenda. Akijua mbele, atamulilia Papa."

Mama akasema, "Papa yenu hajue bado."

Nikaendelea kutikisa kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo, machozi yakiingia kwenye mito ya casque. Mokambo ni mji kama mji mwingine, wala mtoto wa Mama mdogo hana kosa. Kinachoniua ni kwamba Yaya ndiye aliyenifundisha kusoma, anajua nataka kuwa mwalimu, na leo asubuhi bado amenisuka nywele akiimba.

Papa anarudi Jumamosi. Mama mdogo anakuja Jumapili baada ya misa, nami naogopa ndiyo siku ya kunichukua. Nina tumaini dogo, kwa sababu Mama hakusema ndiyo. Lakini Papa akikasirika, anaweza kuwafukuza wakwe wa Yaya mlangoni, na ndoa yake ikavunjika kwa mdomo wangu. Nikimwambia Yaya kwanza, naogopa ataiwahisha safari.

Ninyi wenye dada wakubwa, na ninyi wazazi, niambieni: nianze kwa nani, na kwa maneno gani, ili nibaki shuleni na bado niwe na dada? Nitasoma kila jibu, hata la kunikemea. Naomba tu yafike kabla ya Jumamosi.