Mistari Iliyonyolewa Kipara

Wifi yangu tunamwita Kinyozi, na wembe hajawahi kuushika. Ameolewa na kaka yangu, na anaandika programu za kompyuta katika hospitali hii hii ambayo mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume. Ofisi yao ni chumba kimoja nyuma ya chumba cha dobi. Joto la pasi linapenya ukutani, naye huvua viatu, akapandisha miguu juu ya boksi, akafanya kazi huku akijisemesha.

Jina alilipata kwa karatasi za dawa. Mgonjwa akihudumiwa dirishani, mashine hutoa karatasi ya kubandika kwenye mfuko: jina la kila dawa, na chini yake, yamesogezwa ndani kidogo, maelezo ya kuimeza, kisha mstari mtupu kabla ya dawa inayofuata. Sasa, ndani ya programu maandishi hayo husogezwa kulia yote ili yalingane na amri zinazoyazunguka. Nafasi zile tupu zikawa zinatoka nayo mpaka kwenye karatasi, maneno yanasukumwa ukingoni, yanakatwa. "Usimeze na pombe" ikatoka "Usimeze". Watu tulicheka, Kinyozi hakucheka. Alitafuta mstari ulioanza kushoto kuliko yote, akapima nafasi zake, akanyoa kiasi hicho hicho kwa kila mstari. Uliokuwa ndani zaidi ya mwenzake ukabaki ndani zaidi.

"Nanyoa kilicho cha wote tu," aliniambia. "Cha mmoja mmoja sigusi."

Basi akarudi mkuu wa idara yao kutoka semina, ujuaji umemjaa mpaka masikioni. Akaona nafasi zilizobaki.

"Hizi nazo za nini? Futa zote, na mistari mitupu pia. Karatasi iwe safi!"

"Mkubwa, hizo ndizo zinaonyesha maelezo ni ya dawa ipi."

"Dada, nafasi ni nafasi. Usinifundishe kazi."

Akafuta mwenyewe, kwa mkono wake, kisha huyo akaenda kunywa chai. Jamani, kuna watu Mungu amewapa vyeo akasahau masikio!

Sasa sikieni uchungu wangu. Baba yetu ana presha, na wiki ile alikuwa anakohoa pia. Alipewa dawa za yote mawili. "Mara tatu kwa siku", maelezo ya dawa ya kikohozi, yalikuja kukaa juu kabisa ya jina la dawa ya presha, bila pengo, bila chochote; "Mara moja" ya presha yenyewe ikabaki chini kabisa, haina dawa chini yake. Baba alivaa miwani akasoma taratibu, maana ni mtu wa kufuata maagizo. Akameza dawa ya presha mara tatu. Kaka alimkuta ameanguka mlangoni mwa bafu, anaitwa haitiki.

Aliyempokea wodini ni mimi. Mimi, mwanawe wa kumzaa! Nilimwekea dripu huku nalia na kutukana kwa pamoja. Kinyozi alisimama ukutani kama kapigiliwa misumari. Watu husema wifi na wifi ni paka na panya, lakini siku ile nilimkumbatia, kwa sababu hasira yangu ilijua pa kwenda.

Kesho yake baba alifumbua macho, akaomba maji. Na nani akatokea? Mkuu, na mfuko wa machungwa!

"Pole sana, mzee. Kompyuta ilikosea. Nimeshamwagiza mkweo arekebishe makosa yake."

Makosa yake! Nikafungua mdomo nimpashe. Kinyozi akaniwahi.

"Mkubwa, ulifuta wewe. Nilikukataza."

"Tusibishane mbele ya mgonjwa," akasema, anatafuta pa kuyaweka machungwa.

Hakuwa na hata haya usoni. Nilitamani kumtoa nje kwa ukosi wa shati. Baba akainua mkono kutuzuia. Akauvuta mfuko wake wa dawa kutoka kwenye kikabati, akampa.

"Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niambie, hii mara tatu ni ya dawa gani?"

Mkuu akasoma. Akarudi juu, akasoma tena, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mgonjwa wa kitanda cha pili alizima redio ili asikie. Mwishowe mkuu akakohoa kidogo.

"Ni ya presha, mzee."

"Ee," baba akasema. "Na mimi nilisoma hivyo hivyo."