Bi Subiri Ajifunza Kufunga Sauti

Kwa miaka ishirini na saba, kila aliyepiga simu katika hospitali ile alipokelewa kwanza na sauti ya mwanamke mmoja. "Subiri kidogo, nakuunganisha," ilisema, kwa upole usiochoka. Wauguzi wakamwita Bi Subiri, madaktari wakafuata, na mumewe, fundi saa aliyefanyia kazi zake sebuleni, naye akalizoea jina hilo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na ukutani palikuwa na ubao wa vitaa na vibonye. Kitaa kikiwaka, alibonyeza, akasikiliza, akaunganisha. Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyemfundisha: akisikia upande wa pili umeitika, aliondoka kwenye laini papo hapo. Aliziona sauti kama watu wanaopita ukumbini wakati wa ukungu. Yeye aliwafungulia mlango tu, hakuuliza waendako. Jioni, akitembea kurudi nyumbani, ule ukungu ulimfuata hadi mlangoni.

Kisha Mganga Mkuu akatangaza kwamba simu zote zingehamishiwa kwenye kompyuta. Mtambo ungepokea wapigaji wenyewe, na baada ya miezi minne chumba cha chini ya ngazi kingefungwa. Bi Subiri angeweza kustaafu mapema au kutafuta kazi nyingine humo humo hospitalini. Lakini yeye hakutaka kazi nyingine. Alitaka simu. Na kazi pekee ya simu iliyokuwa imebaki ilikuwa katika chumba cha mtandao, ya kuulinda mfumo mpya, chini ya dada mmoja mwenye maneno ya haraka ambaye hospitali nzima ilimwita Fundi.

"Shikamoo, mama," Fundi alimpokea, macho yakiwa kwenye skrini. "Simu imekata tena?"

"Marahaba, mwanangu. Simu ni nzima. Nimekuja kuomba unifundishe programu."

Fundi aligeuza kiti chote. "Wewe?"

"Kuna mwingine umemwona nyuma yangu?"

Fundi akacheka, kisha akanyamaza alipoona mwenzake hacheki. "Sawa. Ila mambo haya hayasomwi tu, mama, yanashikwa kwa mikono. Utajenga, utavunja ulichojenga, halafu utajenga tena. Na unavunja cha kwako peke yako. Cha mtu hugusi bila ruhusa yake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alipewa kompyuta mbili kuukuu zilizokuwa stoo. Aliziweka kwenye meza ya kulia, akaziunganisha kwa waya, moja akaiita Mwenyeji na nyingine Mgeni. Programu yake ya kwanza ilikuwa na mistari minane. Ilikaa ndani ya Mwenyeji na kuuliza neno la siri; anayelijua aliambiwa "Karibu," asiyelijua aliambiwa "Rudi ulikotoka." Alipoimaliza alihamia upande wa pili wa meza, akakaa mbele ya Mgeni, akajaribu kuingia kwa nguvu. Mara ya kwanza aliingia kwa dakika tano, kwa sababu neno la siri alikuwa ameliacha limeandikwa waziwazi ndani ya faili. Akalificha. Mara ya pili aligundua kwamba mlango wake haukuchoka kuulizwa, basi akaandika programu nyingine ya kubahatisha maneno, moja baada ya jingine. Kabla ya saa sita mchana Mgeni alikuwa amekaribishwa ndani.

Mumewe aliinua kichwa kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifungua. "Mke wangu, siku hizi unajiibia mwenyewe?"

"Najifunza."

"Na mwizi akikamatwa?"

"Anapika chakula cha mchana."

"Basi nimeshamkamata. Nina njaa."

Hivyo ndivyo Jumamosi zake zilivyokwenda. Nuru ilichujwa na pazia, saa za wateja zilihesabu kila moja kwa mwendo wake, na mistari ya programu ikapanda skrini polepole. Kulikuwa na nyakati, alisema baadaye, ambapo hakujua tena kama anaandika au anaota anaandika. Kosa moja lilimshika wiki mbili nzima. Lilikuwa bano moja lililosahauliwa.

Katika mwezi wa tatu wa mafunzo, Fundi alimwazima simu mbili za aina mpya. Sasa alijifunza kwamba sauti, ikiingia katika simu hizo, hukatwa vipandevipande na kutumwa njiani kama vifurushi vidogo, na anayesimama njiani anaweza kuviokota na kuviunga upya. Alimpeleka mumewe chumbani na simu moja, yeye akabaki sebuleni na ya pili.

"Haloo, naomba kuzungumza na mwenye nyumba," alisema mume.

"Subiri kidogo, nakuunganisha," alijibu mke, bila kufikiri.

Kisha akaviokota vifurushi kwa kompyuta, akaviunga, akavaa hedifoni. Hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliisikia sauti yake kama walivyoisikia wapigaji wote wa miaka yote ile. Ilitoka mbali, kama ya mtu anayeongea kutoka ng'ambo ya maji.

"Kumbe ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe," alisema mumewe, akiwa amesimama mlangoni. "Ulidhani nilikuwa naipigia hospitali kila siku kwa ugonjwa gani?"

Bi Subiri alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kama yeye ameweza, na mwingine ataweza. Na simu hizi hizi zilikuwa zimeshawekwa katika wodi nne.

Siku ya Jumatatu alimweleza Fundi, na Fundi akampeleka kwa Mganga Mkuu. Huyu alisikiliza kwa adabu. "Waliotuuzia wametuhakikishia kwamba mfumo ni salama," alisema. "Na meza ya kulia si hospitali. Nawapa hadi Ijumaa. Nionyesheni kwenye mfumo wetu wenyewe. Mkiweza, Bi Subiri, kazi ya chumba cha mtandao ni yako. Mkishindwa, tutaagana vizuri."

Ruhusa iliandikwa: angesikiliza simu mbili tu za majaribio, zote zikiwa mezani kwa Fundi. Katika programu yake Bi Subiri aliweka mstari mmoja uliofanya kazi ya chujio, ili kompyuta iokote vifurushi vya simu hizo mbili na kuacha vingine vyote vipite. Jumanne asubuhi, alipokuwa akirekebisha kosa jingine, aliuzima mstari huo kwa muda. Akasahau kuuwasha.

Alivaa hedifoni, akaendesha programu.

"…usimwambie bibi kwamba mguu utakatwa," ilisema sauti ya mwanamke. "Nitamwambia mwenyewe nikirudi. Umekula lakini?"

Alizivua hedifoni kana kwamba zimemuunguza. Chumba kilitulia, kikawa kama kimejaa maji, na yeye amekaa chini kabisa. Kwenye skrini faili lilikuwepo, limekamilika. Angelipeleka kwa Mganga Mkuu, angeaminiwa kabla ya sentensi kuisha. Angelifuta kimya kimya, hakuna ambaye angejua. Fundi alikuwa koridoni, akinunua chai.

Fundi alipoingia alimkuta mwenzake ameketi, mikono mapajani.

"Fundi, nimesikia simu isiyonihusu. Chujio nimesahau kuliwasha."

"Ya nani?"

"Ya mgonjwa. Sitasema zaidi."

Fundi aliweka kikombe chini. "Lakini mama, huo ndio ushahidi wenyewe!"

"Ushahidi huo una mwenyewe, na hakutupa."

Fundi alinyoosha mkono, akachomoa waya. Alipozungumza, maneno yake kwa mara ya kwanza hayakuwa na haraka. "Tulifute pamoja. Nitaandika kwenye ripoti, mama, sitakuficha. Na ruhusa yako naifunga leo."

"Andika."

Kisha Bi Subiri akapanda hadi wodi ya upasuaji, akamuuliza muuguzi ni nani aliyetoka kupiga simu. Akaonyeshwa kitanda cha tatu. Alimweleza mgonjwa yeye ni nani, alichokosea, na kwamba faili limefutwa.

"Umesikia yote?" aliuliza mgonjwa.

"Kidogo. Ile ya bibi."

Mgonjwa aligeukia ukuta. Pazia la dirisha lilijaa upepo, likatulia, likajaa tena. "Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kusikia?"

"Kwa sasa, akijua njia, ndiyo."

"Basi radhi yako nimeipokea. Lakini nenda ukawaambie wafunge."

Ijumaa aliingia kwa Mganga Mkuu mikono mitupu. Alianza na kosa lake, akalieleza lote, kama mtu anayesoma hesabu kutoka mstari wa kwanza. Mganga Mkuu alivua miwani.

"Kwa hiyo huna cha kunionyesha."

"Ninacho, ukinipa ruhusa kwa simu yako mwenyewe. Mpigie umtakaye. Ila umwambie kwanza kwamba tunasikiliza."

Alisita, kisha akabonyeza namba ya nyumbani. Fundi akachomeka waya. Bi Subiri alisoma mistari ya programu kwa sauti, mmoja mmoja, na ule wa chujio aliusoma mara mbili.

"Mama watoto, hili ni jaribio. Kuna watu hapa watasikia. Unakubali?"

Walisubiri simu iishe, kisha kompyuta ikairudia, wazi, mbele ya wote: "Wasikie tu! Labda wao watakukumbusha balbu ya jikoni. Wiki ya tatu nakata vitunguu kwa kupapasa!"

Fundi alitazama dari. Mganga Mkuu hakucheka.

"Zima," alisema. Kisha akauliza, "Wodi nne?"

"Nne."

"Kuanzia leo, simu zote za wagonjwa zirudi kwenye ubao wa zamani mpaka laini mpya zifungwe, mtu asizisikilize." Akachukua kalamu. Barua ya kazi aliiandika palepale, na ndani yake akaweka sharti: kwa miezi mitatu Bi Subiri asichomeke waya wowote bila Fundi kuwa pembeni. Bi Subiri aliisoma mara mbili, akaona ni haki.

Kazi ilichukua wiki sita. Wodi baada ya wodi, waliziwekea simu mpangilio wa kuivuruga sauti kabla haijatoka ndani ya chombo, ili iungwe tena na simu ya upande wa pili peke yake. Walipofika wodi ya upasuaji, mgonjwa wa kitanda cha tatu, ambaye sasa alitembea kwa magongo, aliomba simu ya kwanza ya jaribio iwe yake. Aliweka sahihi, akampigia mwanawe.

Chini, katika chumba cha mtandao, Bi Subiri alivaa hedifoni. Kilichomfikia kilikuwa mvumo tu, mwembamba, kama mvua inayonyesha kwenye mabati ya mtaa wa mbali.

"Unasikia nini?" aliuliza Fundi.

Bi Subiri alikuwa amefumba macho. Aliendelea kusikiliza kwa muda, akitabasamu.

"Hata neno moja," alisema.