Macho ya Baba Mdogo

Macho ya baba yangu mdogo niliyachora mimi nikiwa darasa la sita, na kwa ajili ya macho hayo matanga yake hayajaanuliwa mpaka leo. Picha bado ipo ukutani, katika nyumba ya bibi yangu hapa Mbamba Bay. Nimefika juzi, na mama mdogo, mkewe, amenipokea akiwa na kitambaa cheusi cha msiba kichwani.

Enzi zile sote darasani tulichora macho kama usipa, dagaa wa ziwa letu: mistari miwili inayokutana kwa ncha, nukta nyeusi katikati. Mwalimu wetu, aliyehamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali, alicheka mpaka akakaa chini. "Nimewaambia mchore mtu, mmenichorea kitoweo!" Akatutoa nje, tukaketi wawili wawili, tukatazamana. Kumbe jicho ni tufe, kope ya juu hufunika ukingo wa mboni, na ule weupe wake una kivuli. Mwisho, alisema, acheni kidoa cha mwanga juu ya mboni. Bila hicho mmechora maiti.

Nikanogewa. Nilimchora kila aliyetulia: wanawake wakigeuza usipa juu ya vichanja, harufu ikituingia hadi kwenye nywele, na Bibi akisonga ugali wa muhogo. "Mke mwenzangu, usinimalize macho," alinitania. "Niachie ya kumwonea mume wetu."

Kisha baba mdogo alikwenda kutega nyavu alasiri moja, upepo wa mwera ukavuma, na mtumbwi wake ukakutwa umepinduka kwenye mawe. Yeye hakuonekana. Wazee wa ukoo wakaamua zizikwe nguo zake, na picha yake itangulie mbele ya msalaba. Picha ilikuwepo moja tu, ya kitambulisho. Ilipelekwa Mbinga mjini kukuzwa, ikarudi na madoa mawili mahali pa macho.

"Si huyu hapa anayetuchora kutwa?" shangazi akasema.

Nikapewa penseli. Kwa kuwa macho ya baba mdogo sikuyakumbuka vizuri, nilimketisha baba yangu mlangoni nikayaiga ya kwake. Walifanana mno.

Nilivyozidi kutia kivuli, wanawake walizidi kunisogelea. Nilipoigusa mboni kwa ncha ya kifutio, mwanga ukaingia. Bibi akasimama.

"Ananitazama."

"Mama, hiyo ni karatasi," mama mdogo akasema.

"Maiti hatazami. Simziki mtu anayenitazama."

Mama mdogo alikuwa binti mbichi, na kwao Kitai walikuwa wanamsubiri. Lakini kwetu mjane haondoki matanga hayajaanuliwa. Akanishika mkono. "Kafute hako kadoa, mwanangu. Tafadhali."

"Futa," Bibi naye akasema, safari hii bila utani. "Futa, uone utakuwa umemuua nani."

Baba akaninyang'anya kifutio, akakitia mfukoni. Hakuna mzee aliyethubutu kumzikia mama mwanawe huku mwenyewe amekataa. Nguo zikarudishwa kwenye begi.

Bibi alifariki miaka mingi baadaye bila kulibadili neno lake, na hakuna aliyejitokeza kulibadili kwa niaba yake. Vichanja vimebaki vichache. Darasa letu lilibomolewa, na watoto wa sasa wanapigana picha kwa simu. Mama mdogo hakurudi Kitai. Nywele zake zimejaa mvi, na mumewe pale ukutani ni kijana wa kumzaa. Jana nilibadili kiti mara kadhaa pale sebuleni. Kila nilipohamia, nilikuta ananitazama.

Mwezi uliopita aliingia mfanyabiashara wa ng'ambo, upande wa Malawi, aliyekuja kununua usipa. Akaomba maji ya kunywa, akatazama ukutani, akashusha kikombe.

"Huyu mzee namfahamu," alisema. "Mbona hapa mmemfanya kijana?"

Mama mdogo ananisimulia huku akipepeta mchele, bila kuinua sauti. Mimi nawaza kwamba macho yale ni ya baba yangu, na baba yangu hajawahi kuvuka ziwa. Namwuliza kama aliulizia jina la huyo mzee, au kijiji.

"Nilimwuliza kama ana mke."

"Akasemaje?"

"Akasema atakwenda kuangalia, atanijibu akirudi."

Tangu hapo boti imekuja mara mbili. Mtu huyo hakuwemo.